Mpira Uliopita Nyuma ya Bintu

Jumatatu, 4 Septemba

Maman amewaambia wenzake wa kwaya kwamba niko likizo. Nimemsikia asubuhi hii kupitia dirisha, mashine yake ya kushona inalia na yeye anapaza sauti kuishinda: "Séraphine iko ku likizo. Timu yake ya Tanzania iko inamungoya."

Sikutoka kumkanusha. Timu yangu ya Tanzania hainingoji. Mwezi wa sita waliniita ofisini, wakanipa kiti na chai, na mchezaji anayekaribishwa chai ofisini anajua kinachofuata. Walisema goti. Hawakutaja umri, nami nikawashukuru kimoyomoyo.

Tangu nilipoanza kulipwa kwa mpira kule Kinshasa, kila msimu nimeuandika. Huu nao nitauandika, ingawa sina mkataba. Jioni nilishuka uwanjani kumuona kocha Adalbert, aliyenifundisha nikiwa bado navaa sketi ya shule juu ya kaptula. Alinikumbatia mbele ya wasichana wote wa timu yake, Mwangaza, akasema: "Huyu njo ule beki nilikuwa nabaambia." Wakapiga makofi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Kisha akanivuta pembeni. "Niko na mutoto moya wa Luhwindja. Nguvu iko nayo. Macho ya nyuma haiko nayo. Utakuwa macho yake."

Jumanne, 5 Septemba

Mvua. Hakuna mazoezi.

Jumamosi, 9 Septemba

Mtoto mwenyewe anaitwa Bintu. Ana miaka ishirini na mabega ya mtu aliyebeba mizigo tangu utotoni, maana mama yake anatwanga mawe ya dhahabu kule Luhwindja na yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea hayo mawe. Hapa Bukavu analala kwa kina Charlène, golikipa wetu, chini kidogo ya nyumba yetu ya Nyalukemba.

Anapiga mpira wa kichwa kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua. Mshambuliaji akiwa mbele yake, hapiti. Lakini nyuma yake unaweza kupitisha harusi nzima na ngoma zake, asijue.

Nilimwambia awe anageuza shingo. Alijaribu asubuhi nzima, akachoka. Huniita yaya, dada mkubwa.

"Yaya Séra, nikiangaliaka nyuma, mpira inapotea."

"Basi angalia mbele. Nyuma uniachie mimi."

Tukapatana maneno mawili. Nikisema "mugongo", kuna mtu nyuma yake, arudi mbio. Nikisema "peke", hakuna mtu, auchukue mpira kwa utulivu. Tulifanya hivyo mpaka sauti yangu ikakauka. Adalbert alikuwa ukingoni anatabasamu. Yeye ndiye aliyenifundisha zamani kwamba beki hucheza kwa mdomo kwanza, miguu inafuata.

Charlène anacheka mno mazoezini. Simwamini sana golikipa anayecheka.

Jumapili, 17 Septemba

Tumeshinda. Bintu alikwenda kila mahali sauti yangu ilipomtuma, bila kugeuka hata mara moja. Baada ya mechi alikuja na chupa yake ya maji, akanipa ninywe mimi kwanza.

"Yaya, sauti yako iko sawa mukono ku bega."

Nilicheka, lakini njia nzima ya kupanda nyumbani nilikuwa nairudia ile sentensi: kama mkono begani. Goti limevimba. Maman amelikanda kwa kitambaa cha moto na hakuuliza kitu.

Alhamisi, 21 Septemba

Bugali na sambaza, vidagaa vya ziwani. Umeme umerudi. Goti kimya.

Jumapili, 1 Oktoba

Sare. Mvua imekata barabara na wapinzani walifika wamechelewa, matope mpaka magotini, wamesukuma gari lao wenyewe. Hawakuwa na nguvu, na bado hatukuwafunga.

Watu wameanza kumwita Bintu kwa jina kutoka ukingoni. Langu wanaliita wazee tu.

Ijumaa, 6 Oktoba

Baada ya mazoezi Adalbert alitukusanya. Timu ya Lubumbashi inatafuta beki wa kati. Mtu wao, Blanchard, atakuja kutuangalia tutakapocheza na wasichana wa Sange. Wote walinigeukia mimi. Bintu ndiye aliyepiga makofi ya kwanza.

Nilipomwambia maman, alisimamisha mashine. Kisha akafungua sanduku lake, akatoa kitenge cha buluu alichokuwa ameweka akiba, akanipima mabega. "Hauwezi kufika Lubumbashi na nguo za mazoezi," alisema. Kumbe alikuwa anajua kuhusu Tanzania. Alikuwa anajua tangu siku niliyoshuka na mabegi yote.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nilikwenda kwa Adalbert kumuuliza kama Blanchard anajua habari za goti langu, ili nijue la kusema. Alikuwa anasafisha mipira kwa kitambaa. Akasema, bila kuniangalia vizuri, kwamba Blanchard hajauliza goti. Ameuliza kama Bintu ana mkataba na sisi.

"Bintu?"

"Aliona video yake." Akaendelea kusugua mpira uliokwisha kuwa safi. "Na wewe pia atakuona, mutoto wangu. Uwanja ni moya."

Pia. Nimepanda Nyalukemba na hilo neno moja. Nyumbani maman alikuwa anashona mkono wa pili wa gauni.

Jumapili, 15 Oktoba

Tumeshinda. Sina la kuandika.

Jumatano, 18 Oktoba

Bintu ameniomba nimfundishe namna ya kuzungumza na mtu wa Lubumbashi, aseme nini, aketi vipi. Kumbe Adalbert amemwambia. Nilimwambia nina maumivu ya kichwa.

Jumapili, 22 Oktoba

Tumefungwa na Sange, mbili kwa moja.

Mvua ilianza kabla ya mechi na haikukoma. Blanchard alikuwa amesimama chini ya bati la jukwaa, mtu mrefu mwenye mwavuli aliokuwa anautumia kama fimbo. Kipindi cha kwanza Bintu alicheza kama ukuta. Kila aliporuka, nilimuona Blanchard akisogea mbele hatua moja, akilowa, bila habari.

Baada ya mapumziko ulikuja mpira mrefu. Bintu alitoka kuufuata kwa kichwa. Mshambuliaji wao mdogo, yule mwenye namba tisa, alikuwa ameshajipenyeza nyuma yake. Mpira ukateleza juu ya nywele za Bintu, yule mdogo akaupokea peke yake, akafunga. Sikuwahi kupiga kelele. Mvua ilikuwa inapiga mabati, hata ningesema asingesikia.

Baada ya hapo Bintu hakuwa Bintu tena. Alianza kugeuka huku na huku kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni. Muda mfupi tu akamshika mtu jezi ndani ya eneo letu: penalti, la pili. Watu wakaanza kupiga kelele: "Rudia ku mawe!" Adalbert akamtoa. Alikaa kwenye benchi na jezi imemfunika kichwa mpaka mwisho.

Mimi niliokoa mpira mmoja kwenye mstari. Nilifunga goli letu kwa kichwa kutoka kona. Nilicheza kama nilivyocheza nikiwa na miaka ishirini na mitano, goti halikuuma hata kidogo. Mechi ilipokwisha Blanchard alikuja moja kwa moja kwangu na kuomba namba yangu.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Bintu alinifuata, macho mekundu. "Yaya Séra, unisamehe. Sikusikia sauti yako."

Nikamwambia: "Haiko kitu. Inafikaka kwa kila mutu."

Jumanne, 24 Oktoba

Blanchard amepiga simu. Misimu miwili, kuanzia Januari. Maman ameimba sala nzima jikoni. Majirani wamekuja kumpa mkono yeye, si mimi, na ndivyo inavyotakiwa.

Jumatano, 25 Oktoba

Bintu hakufika mazoezini.

Ijumaa, 27 Oktoba

Charlène amesema Bintu amepanda lori la kurudi Luhwindja. Hakuaga. Ameacha viatu vya mpira chini ya kitanda, vimeoshwa. Adalbert alisema: "Atarudia. Mutoto akikwazika anarudiaka kwa mama yake." Charlène sasa hacheki tena mazoezini, na uwanja umekuwa mkubwa.

Jumapili, 29 Oktoba

Tumeshinda. Aimée, msichana mwembamba wa darasa la mwisho, ndiye aliyecheza karibu yangu. Watu waliita jina langu, vijana kwa wazee. Mwishoni tulipeana mikono wote. Charlène alipofika kwangu akainama kufunga kamba za kiatu.

Alhamisi, 2 Novemba

Misa ya wafu. Tulipotoka, njia ilikuwa utelezi na kina mama walikuwa wanateremka taratibu wameshikana. Charlène alinikuta nyuma, akatembea nami mpaka wengine walipotangulia.

"Yaya Séra, mi nakaaka nyuma yenu bote," alisema. "Kazi ya golikipa ni kuangalia migongo ya batu."

"Unataka kusema nini?"

"Ulifungua mudomo. Kisha ukafunga."

Nilimwambia mvua. Nilimwambia mabati. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mi nilisikia ulivyopumua," alisema. "Nilikuwa kule golini na nilisikia. Sitamwambia mutu. Lakini usinipatie mukono." Akatangulia na viatu vyake mkononi, pekupeku kwenye matope.

Ijumaa, 3 Novemba

Nimesoma nilichoandika siku ya Sange. Ni uongo, na nimemdanganya nani? Hakuna anayesoma hapa ila mimi.

Ilikuwa hivi. Nilimuona yule namba tisa mapema, kabla mpira haujapigwa. Nilimuona anavyojisogeza, kichwa chini, kama anayetafuta kitu alichodondosha. Bintu alikuwa hatua tano mbele yangu. Mvua ilikuwa inapiga, ndiyo, lakini kipindi chote cha kwanza mvua ilikuwa inapiga vilevile na alinisikia. Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Na hapo nikamuona Blanchard chini ya bati amesogea mbele, anamtazama yeye, na neno nikalimeza.

Halikuwa jambo la kufikiri. Wala haikuwa ajali. Ni kitu kilicho katikati, na ni changu. Ningekuwa nimemkwatua miguu, watu wangeona, refa angenipa kadi, ningekaa nje mechi mbili na mambo yangeisha. Hiki nilichofanya hakina kadi.

Na yeye ndiye aliyeniomba msamaha.

Jumatatu, 6 Novemba

Maman amemaliza gauni. Limenikaa vizuri. Nililivua upesi.

Jumamosi, 11 Novemba

Nimefika Luhwindja leo, nimelala hapa, naandika kwenye kitanda cha wageni.

Nilipanda pikipiki kutoka Bukavu asubuhi. Milima yote ilikuwa ya kijani na barabara yote ya udongo mwekundu. Mara mbili dereva aliniambia nishuke nisukume. Nilikuta wanawake wamekaa mistari miwili chini ya turubai, kila mmoja na chuma chake, wanatwanga. Ile sauti husikii kwa masikio tu, inaingia mpaka kwenye meno. Bintu alikuwa mwishoni, karibu na mama yake, kitambaa kimemfunika pua na mdomo. Aliponiona hakuacha kutwanga. Mama yake ndiye aliyesimama.

"Ni yaya Séra huyu? Karibu, mama, karibu. Bintu hamalize siku bila kukutaja." Alinishika mikono yote miwili na vumbi lake. "Aksanti kwa kumufundisha mutoto wangu. Alikuwa hajui kitu."

Niliomba maji. Alidhani ni uchovu wa safari, akaenda kupika.

Nilikaa kwenye jiwe alilokuwa amekalia. Nilimwambia Bintu yote, jinsi nilivyoandika hapa juu, bila kupunguza. Nilimwambia nilimuona namba tisa. Nilimwambia kuhusu Blanchard na mwavuli wake. Alitwanga mpaka nilipofika mwisho, kisha akaweka chuma chini na kushusha kitambaa. Sehemu ya uso iliyokuwa imefunikwa ilikuwa safi, nusu ya juu ya kijivu.

"Na penalti?" aliuliza.

"Penalti?"

"Penalti njo ilikuwa yangu? Ao ile pia ulinifanyia?"

Nilifikiri vizuri kabla ya kujibu, maana niliona anataka kujua kweli. "Penalti ilikuwa yako. Ulimushika jezi. Lakini uliogopa kwa sababu yangu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Wiki tatu niko najiuliza nilikosea wapi. Kila siku niko narudia ule mpira mu kichwa. Nikasema labda mimi ni kiziwi. Nilimwambia maman anipeleke ku hospitali, baniangalie masikio."

Angenipiga ningeona ni nafuu. Nilisema naomba msamaha, nikaona neno lenyewe lilivyo jepesi mbele ya vile vyuma vyote. Hakulipokea wala hakulikataa.

"Usimwambie maman," alisema. "Anakupenda. Kula chakula chake, ulale, kesho urudie."

Nikamuomba arudi kwenye timu. Akapandisha kitambaa chake.

Mama yake alichinja kuku. Alinipa firigisi, kipande cha heshima. Bintu alikaa upande wa pili wa sahani, akala, na mara moja tu alipotaka chumvi alisema: "Madame, unipatie chumvi." Mama yake alimgombeza kwa Mashi, lugha yao, nadhani kwa ajili ya hilo neno. Bintu hakulibadilisha.

Jumanne, 14 Novemba

Nimempigia Blanchard. Nilimueleza.

"Madame," alisema, "mimi nilikuja kuangalia mpira. Mawazo ya batu siangaliake. Kila beki iko na siku yake mubaya."

"Haikuwa siku yake mbaya. Ilikuwa yangu. Rudi umuangalie mwezi wa kumi na mbili."

"Sirudi. Kazi iko mingi. Nafasi yako bado iko. Natafuta beki, sitafuti mutakatifu."

Niliposema siitaki hiyo nafasi, alisema sawa, akanitakia siku njema. Hakukasirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, sikujiandaa kwa sawa. Kwa hiyo Bintu hakupata kitu, nami sina kitu, na Lubumbashi watampata mtu mwingine kabla ya Noeli.

Jumatano, 15 Novemba

Nimemwambia maman. Alisikiliza mguu wake ukiwa bado juu ya pedali ya mashine.

"Ulimuharibia mutoto wa mwenzangu," alisema, "sasa umejiharibia wewe mwenyewe. Mu hiyo yote, nani amepona?"

Jioni aliniwekea chakula kama kawaida. Hakuenda kwaya.

Alhamisi, 16 Novemba

Nilimkuta Adalbert peke yake uwanjani kabla ya wengine. Nilimwambia. Alikaa juu ya mpira kama anavyofanya akichoka.

"Nilisikia," alisema.

"Ulisikia nini? Sikusema kitu."

"Njo hiyo. Nimezoea sauti yako tangu uko mutoto. Ile dakika nilisikia kimya." Akajisugua uso. "Nikasema, acha. Mutoto wangu atapata tena kazi. Ule mwengine iko kijana, ataona ingine. Nikamutoa Bintu ili nisimuone machoni."

Huyu ndiye mtu niliyemhesabu baba wa pili. Nilimtazama akiwa juu ya mpira wake, na kwa mara ya kwanza nikamuona jinsi nilivyojiona mimi. Hatukuweza kutazamana. Tulikaa hivyo mpaka wasichana walipofika.

Niliwaambia wote, nimesimama, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Aimée alilia. Mmoja alitoka nje na kubamiza mlango. Hakuna aliyenitukana, na hilo lilifanya chumba kiwe kidogo sana. Mwishowe Charlène akachukua glavu zake. "Mumesikia," alisema. "Sasa tuvae." Adalbert hakusema lolote juu yake mwenyewe.

Jumapili, 19 Novemba

Nilikaa benchi. Tumefungwa. Aimée anajitahidi lakini anaogopa mpira wa juu.

Jumamosi, 25 Novemba

Magari ya kampeni yanapita na muziki tangu asubuhi, yamebandikwa picha mpaka kwenye vioo. Uwanja umechukuliwa kwa mkutano. Tulikimbia barabarani pembeni ya ziwa, kwa mvua. Hakuna aliyekimbia karibu yangu, wala sikuwafuata.

Jumapili, 3 Desemba

Amerudi.

Alikuwa amesimama kwenye lango la uwanja na mfuko mmoja, akizungumza na Charlène. Kumbe Charlène alikuwa akimpigia simu kila juma. Nilimchukulia yule msichana kuwa mchezaji wa mzaha, na ndiye pekee kati yetu aliyefanya alichotakiwa kufanya, bila kelele.

Bintu alimwambia Adalbert mbele ya wote: "Nitacheza mechi ya mwisho. Huyu madame abaki pembeni yangu, sababu Aimée haweze ile timu ya mwisho. Lakini asiniambie kitu. Hata neno moya. Nitaangalia mwenyewe."

Adalbert alinigeukia. Nikasema sawa.

Jumapili, 10 Desemba

Mechi ya mwisho. Sare, moja kwa moja. Tumemaliza wa tatu, hatuendi popote.

Lakini nataka kuandika ule mpira.

Tangu filimbi ya kwanza nilifunga mdomo. Hujui ni kazi ya namna gani. Ni kama kumuona mtu anashuka ngazi gizani na wewe una taa. Bintu aligeuza shingo kabla ya kila mpira, kulia, kushoto, hata wakati hapakuwa na haja, kama ndege anayekula barabarani. Alichelewa mara kadhaa kwa sababu ya kule kutazama. Hakukosa hata mmoja. Wakati wote nilikuwa najiuliza kama ningefurahi hivi angejifunza kwa njia nyingine.

Mechi ilikuwa inakaribia mwisho pale mpira ulipopigwa kutoka pembeni. Bintu aligeukia kulia. Mshambuliaji alikuwa ametokea kushoto kwake, kwenye upande asiotazama. Niliona nywele zake, niliona mguu wake ukirudi nyuma kupiga.

"Mugongo!"

Ilitoka yenyewe, kwa nguvu, mpaka watu wa jukwaani walisikia. Bintu hakutii. Alinitazama mimi kwanza, usoni, kwa ule muda ambao beki hana. Ndipo akageuka kushoto. Alifika kwa ncha ya kiatu tu. Mpira ukagonga mwamba na kutoka. Alianguka matopeni, akanyanyuka mwenyewe. Charlène nyuma yetu alitoa pumzi ndefu.

Tulipokuwa tunatoka uwanjani alinisubiri.

"Nilikuambia usiniambie kitu."

"Njo vile. Uliniambia."

"Nilifikiri unanidanganya."

"Najua."

Alikuwa anakwangua matope kwenye soksi kwa kidole. "Siku ingine nitachelewa kabisa, juu ya kufikiri vile. Watatufunga."

Lilikuwa kweli, na nilikuwa nimelitengeneza mimi.

"Msimu unakuya utacheza hapa?" aliuliza.

"Kama utakubali."

Akatazama upande wa ziwa, ambako mvua nyingine ilikuwa inakusanyika. "Mi sijui. Fika ku mazoezi, tutaona."

Jumatano, 13 Desemba

Maman amerudi kwaya. Ameniuliza kama anaweza kulifumua lile gauni, kuna mteja anataka ile buluu. Nilimsaidia kufumua.

Jumatatu, 18 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Msimu umekwisha, na mazoezi ni ya mwenye kupenda. Nilijua wanaweza kuniambia nirudi nyumbani. Goti liliuma tangu kitandani. Nilikwenda.

Walikuwa wachache. Adalbert alikuwa chini ya mwavuli, hakutoa amri yoyote. Amempa Bintu filimbi. Bintu alikuwa anawapanga wadogo wa shule, wale watakaopanda kwenye timu yetu mwakani, anawashika mabega na kuwaweka mmoja mmoja. Nilisimama ukingoni na mvua ikaniingia shingoni.

Alinipita mara mbili. Mara ya tatu alisimama. Alinyoosha mkono kuelekea mwisho kabisa wa mstari wa mabeki, mbali na pale ambapo angecheza yeye.

"Simama pale," alisema.

Nilikwenda nikasimama pale.